Dkt. Doug Ross: Haiba na Dosari katika Usawiri wa Daktari Kijana wa Tamthilia ya ER

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na migao ya wahusika tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Huambiwa kuna mhusika bapa na mhusika duara, mgao uliotokana na mwandishi Mwingereza E. M. Forster katika kitabu alichokichapisha mwaka 1927, na hutakiwa kuutumia katika mtihani kana kwamba ni mizani ya dukani: huyu bapa, yule duara. Bapa ni yule anayeweza kuelezwa kwa sentensi moja. Duara ni yule mwenye mema na mabaya, awezaye kumshangaza msomaji na bado akaaminika. Mgao huu una manufaa yake. Hata hivyo, humzoesha mwanafunzi kuandika orodha mbili, ya fadhila upande huu na ya dosari upande ule, kisha kuhesabu. Swali la iwapo fadhila na dosari hizo zina mzizi mmoja halimjii.

Makala haya yanamchunguza mhusika ambaye orodha mbili hazimtoshi. Ni Dkt. Doug Ross, daktari wa watoto katika tamthilia ya runinga ya Marekani iitwayo ER, aliyeigizwa na George Clooney kuanzia mwaka 1994 hadi 1999. Ni kijana mtanashati, mcheshi, mpole kwa watoto, mlevi, mkaidi kwa wakubwa wake na asiyeaminika kwa wanawake. Inadaiwa hapa kwamba ubaya wa Ross si doa lililodondokea wema wake. Ni wema ule ule uliokataa kutambua mpaka, na waandishi wa tamthilia hiyo walihitaji misimu mitano kuonyesha mahali ambapo jambo hilo humfikisha mtu.

Daktari aliyemtangulia

Tamthilia ya hospitali si jambo jipya katika runinga ya Marekani. Mnamo mwaka 1961 zilianza mbili kwa mpigo, Dr. Kildare na Ben Casey, na zote zikamalizika mwaka 1966. Kildare, aliyeigizwa na Richard Chamberlain, alikuwa kijana mzuri wa sura, msafi wa moyo, anayeelekezwa na mzee Gillespie. Casey alikuwa mkali zaidi, lakini ukali wake daima ulikuwa wa haki. Katika enzi hiyo Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa ushauri kuhusu miswada, na si ajabu kwamba madaktari wa skrini walitoka wakiwa wamepigwa pasi. Kosa likitokea, lilikuwa la mgonjwa asiyesikia ushauri au la jamaa mwenye tamaa. Daktari alikuwa jibu, si swali.

Nyufa zilianza kuonekana katika St. Elsewhere, iliyorushwa kuanzia 1982 hadi 1988, ambamo hospitali yenyewe ilikuwa ya watu wa chini na madaktari wake walikuwa na matatizo yao nyumbani. ER ilipoanza tarehe 19 Septemba 1994, ardhi ilikuwa imekwisha kulimwa. Muasisi wake, Michael Crichton, alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1969, na mswada wake wa awali ulitokana na aliyoyaona wodini. Aliuandika katika miaka ya 1970 kwa ajili ya filamu. Ukalala kabatini karibu miaka ishirini. Ulipotolewa, watazamaji walipelekwa kwenye idara ya dharura ya hospitali ya umma ya kubuni mjini Chicago, mahali ambapo machela hugongana na mazungumzo hukatizwa kabla hayajafika mwisho. Mahali hapo hapakuwa na nafasi ya Kildare. (Kwa wapendao sadfa: miaka kumi kabla, Clooney huyo huyo alikuwa ameigiza katika tamthilia ya vichekesho iliyoitwa E/R, nayo pia ikihusu chumba cha dharura cha Chicago. Haikudumu zaidi ya msimu mmoja.)

Alfajiri ya kwanza

Namna mhusika anavyoingia jukwaani ni ahadi ambayo mwandishi humpa hadhira. Ross anaingia akiwa mlevi. Kabla ya mapambazuko, muuguzi anamwamsha Dkt. Mark Greene, si kwa sababu ya mgonjwa, bali kwa sababu rafiki yake amefika akiyumba na anahitaji kutundikiwa dripu ili alevuke kabla ya zamu. Hakuna anayeshtuka. Wauguzi wanamjua, Greene anamjua, na utulivu wao ndio unaomweleza mtazamaji kwamba hii si mara ya kwanza. Kwa lugha ya uhakiki, hapa waandishi wametumia mbinu ya usawiri wa mhusika kupitia wahusika wengine: Ross hajasema lolote la maana, lakini tayari tunajua ni mtu ambaye wenzake wamezoea kumfunika.

Saa chache baadaye, mtu huyo huyo anamshika mtoto kwa wororo ambao hauwezi kuigizwa na mnafiki. Anazungumza na watoto kama watu kamili. Katika sehemu hiyo hiyo ya kwanza anamkabili mzazi anayeshukiwa kumtesa mtoto wake mchanga, na hasira yake inapanda kuliko kazi yake inavyoruhusu. Mtazamaji anaipenda hasira hiyo. Ni vigumu kutoipenda. Inafaa kuiangalia kwa makini, maana ni hasira ya mtu asiyekubali kuambiwa kwamba jambo fulani halimhusu, na katika misimu iliyofuata hasira hiyo itatoka tena na tena, mara ikimwokoa mtoto, mara ikimharibia mtu mwingine maisha.

Kisha, jioni ya siku hiyo hiyo, analetwa kwenye machela Carol Hathaway, muuguzi mkuu wa idara, akiwa amemeza vidonge kwa nia ya kujiua. Carol na Ross walikuwa wapenzi hapo awali, na kuachana kwao kulikuwa kubaya. Tamthilia haimtamki Ross kuwa sababu. Inamwacha tu asimame kando, asiwe na la kufanya, mbele ya wenzake wanaomtazama. Mswada wa awali ulikusudia Carol afe. Waandishi wakabadili nia, na kwa mabadiliko hayo wakapata kitu chenye thamani kuliko kifo: shahidi. Kuanzia hapo, kila mara Ross anapotabasamu, yuko mtu katika chumba kile anayejua gharama ya tabasamu hilo.

Mkakasi wenye kitu ndani

Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msomaji wa haraka angeitumia methali hii kumhukumu Ross na kumaliza kazi. Lakini Ross si mkakasi. Ndani yake mna kitu, na kitu hicho ni kizuri kweli. Hapo ndipo ugumu wa usawiri wake ulipo. Mhusika ambaye haiba yake ni ganda la kufichia uovu ni mhusika mwepesi. Hadhira humngojea aumbuke, naye huumbuka. Haiba ya Ross haifichi chochote. Mapenzi yake kwa watoto ni ya kweli, na ulevi wake ni wa kweli, na vyote viwili vinaonekana mchana kweupe.

Asili yake nayo imeelezwa, ingawa kwa vipande. Baba yake, Ray Ross, aliitelekeza familia, na anaporudi katika msimu wa pili anarudi na zawadi, maneno matamu na ahadi. Mtazamaji hashindwi kuona mwana amerithi nini. Ross anamchukia baba yake kwa sababu anamfahamu mno. Wakati huo huo, Ross mwenyewe ana mwana mahali fulani ambaye hamlei wala kumwona. Daktari aliyejitolea maisha yake kwa watoto wa wengine ana mtoto asiyemjua. Waandishi walilitaja jambo hili kwa ufupi na hawakulirudia sana, na pengine walifanya vyema, kwani lingetiliwa mkazo zaidi lingegeuka hubiri.

Sehemu inayokumbukwa kuliko zote katika maisha ya Ross ilirushwa tarehe 9 Novemba 1995. Wakati huo ajira yake hospitalini iko ukingoni. Wakubwa wamechoshwa na ukaidi wake, na yeye anatafakari kwenda kwenye kliniki ya kibinafsi yenye mshahara mnono. Usiku wa mvua kubwa, akiwa amevaa suti ya sherehe, gurudumu la gari lake linapasuka barabarani. Mtoto anamjia mbio akilia: ndugu yake amenaswa ndani ya mfereji wa chini ya ardhi na maji yanapanda. Ross anaingia majini. Hana vifaa, hana msaidizi, hana mkubwa wa kumkataza. Anapambana na nondo, maji na giza mpaka anamtoa mtoto, na helikopta ya kituo cha habari inafika, ikarusha tukio zima moja kwa moja kwa watazamaji wa mji.

Sehemu hii husifiwa kwa taharuki yake, na sifa hizo ni za haki. Lakini ufundi wake mkubwa uko kwingine. Tabia zilizomfanya Ross asifae kazini ndizo zilizomfaa mferejini. Pale hapakuwa na utaratibu wa kuvunja wala ridhaa ya kuomba. Kulikuwa na mtoto, maji na mtu asiyejua kukubali kushindwa. Anaporudi akiwa ameloa, picha zake zimekwisha kuonekana kila nyumba, na hospitali iliyotaka kumwondoa haiwezi tena kumwondoa. Yaani tamthilia ya runinga ilimwonyesha shujaa akiokolewa na runinga. Umaarufu ulimsamehe kabla wakubwa wake hawajaamua, na Ross akajifunza somo baya kutokana na tendo zuri: kwamba moyo ukiwa safi, kanuni zitajipanga zenyewe.

Nani hulipa

Hadhira humsamehe mhusika mwenye haiba kwa urahisi kwa sababu haiba hutazamwa na gharama hazitazamwi. ER ilijitahidi, ingawa si kila mara, kuzionyesha gharama hizo. Katika msimu wa tatu Ross anamkimbiza hospitalini mwanamke aliyelala naye usiku uliopita, ambaye ameshikwa na kifafa. Wenzake wanamuuliza jina la mgonjwa. Hajui. Mwanamke huyo, Nadine Wilks, anafariki, na jina lake linapatikana baada ya mtu aliyekuwa naye faraghani kushindwa kulitaja. Hakuna hotuba yoyote ya kumlaumu ambayo ingemshtaki Ross kuliko ukimya ule. Ni miongoni mwa sehemu chache ambazo tabasamu la Clooney halina pa kujishika.

Mwaka 1998, akiwa amerudiana na Carol, Ross anaamua kumwondolea mtoto mchanga uraibu wa dawa za kulevya aliozaliwa nao, kwa njia ya haraka na ya hatari ambayo hospitali haikuiidhinisha. Anafanya kwa siri, na anamshirikisha Carol. Nia ni njema. Greene anapogundua, si rafiki tena, ni msimamizi aliyedanganywa. Wahakiki humwita mhusika kama Greene foili, yaani yule ambaye tabia zake huziangaza za mwingine kwa kutofautiana nazo: mpole, mchovu, mfuata utaratibu, asiye na mvuto. Katika sehemu ya kwanza ndiye aliyemtundikia rafiki yake dripu. Miaka minne baadaye bado anamtundikia, kwa namna nyingine.

Ipo hoja inayoweza kutolewa dhidi ya usomaji huu, nayo ni kwamba ER yenyewe ilikuwa upande wa Ross. Kamera inampenda, muziki unampenda, na mtazamaji aliyechoka baada ya kazi hafungui runinga ili kupima maadili ya kitabibu. Hoja hii ina uzito. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliochunguza namna ufufuaji wa moyo ulivyoonyeshwa katika ER na vipindi vingine viwili vya Marekani. Watafiti waligundua kwamba asilimia 75 ya wagonjwa wa skrini walinusurika mara tu baada ya kufufuliwa, na asilimia 67 walionekana kuishi hadi kuondoka hospitalini. Viwango hivyo vilikuwa juu mno kuliko hali halisi. Watafiti walihofia kwamba watu wangefanya maamuzi kuhusu jamaa zao wakiwa na matumaini waliyofunzwa na tamthilia. Ikiwa skrini huweza kumpotosha mtazamaji kuhusu moyo wa nyama, itashindwaje kumpotosha kuhusu tabia ya daktari?

Jibu liko katika jinsi waandishi walivyomaliza hadithi ya Ross.

Tarakimu za siri

Ricky Abbott ni mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo na neva, usio na tiba ya kumponya katika hatua aliyofikia. Anakufa polepole na kwa maumivu. Mama yake, Joi, anamwangalia usiku na mchana. Ross anamtibu mtoto huyu kwa dawa kali ya maumivu inayotolewa na mashine, na mashine hiyo ina kufuli la tarakimu linalozuia kipimo kisizidi. Februari 1999, Ross anampa Joi tarakimu hizo. Ricky anafariki.

Tukio hili linastahili kuwekwa kando ya lile la mferejini, kwa maana ni tukio lile lile lililogeuzwa. Tena yuko mtoto anayeteseka, tena yuko Ross asiyekubali kusimama kando. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna maji ya kupambana nayo. Kuna sheria, kuna baba wa mtoto ambaye naye ana haki ya kusikizwa, kuna wasimamizi wake Greene na Kerry Weaver watakaoulizwa kwa nini walimwachia daktari aliyekwisha kuonywa, na kuna kliniki ya Carol iliyoingizwa katika msukosuko usio wake. Ross hakuwauliza hao. Hakuwahi kuwauliza. Mtazamaji aliyemshangilia akiingia majini anabaki na swali zito: je, alikuwa akishangilia nini hasa?

Tamthilia haisemi kwamba Ross alikosea kuhusu maumivu ya Ricky. Mtu anaweza kuyatazama mateso ya mtoto yule na kukubaliana na mama. Suala la kumharakishia kifo mgonjwa asiye na tumaini lina watu waadilifu pande zote mbili, na ER haikujidai kulitatua. Inachosema ni kwamba Ross aliamua peke yake, kisha matokeo yakawa ya wote. Aristotle alipoeleza kuanguka kwa shujaa wa tanzia, alizungumzia kuteleza kwa mtu ambaye si mwovu wala si mkamilifu. Wasomi wa Kiswahili wanao mfano wa karibu zaidi katika Fumo Liyongo, ambaye katika masimulizi hauawi kwa sababu ya udhaifu wa mwili pekee. Anauawa kwa sababu alimpenda mwanawe kiasi cha kumwambia siri. Mahali pa kupenda ndipo mahali pa kuanguka. Ross naye anaangushwa na siri aliyoitoa kwa huruma, tofauti ikiwa kwamba Liyongo alilipa kwa mwili wake mwenyewe.

Ross hafi. Anajiuzulu na kuhamia Seattle, akimwacha Carol ambaye hajui bado kuwa ni mjamzito. Ni kweli kwamba kuondoka huku kulitokana pia na mkataba: Clooney alikuwa amekubali miaka mitano, na miaka mitano ilikuwa imekwisha. Mhakiki asione haya kulitaja jambo hili. Tamthilia ya mfululizo si riwaya. Mwandishi wa riwaya huua mhusika akitaka, lakini mwandishi wa runinga hungoja mwanasheria wa mwigizaji. Umbo hili ndilo linaloeleza pia kwa nini Ross hakubadilika kwa miaka mitano. Mhusika anayependwa na mamilioni hatibiwi dosari yake, kwa kuwa dosari ndiyo inayoleta hadithi ya wiki ijayo. Waandishi wa ER walipolazimika kumwondoa, walichagua kumwondoa kwa kosa linalofanana na ushujaa wake, na kwa uamuzi huo misimu mitano iliyokuwa na marudio mengi ikapata mwelekeo ambao huenda haikuwa nao tangu awali.

Carol alizaa mapacha wawili wa kike mwaka 1999, peke yake, hospitalini humo. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, aliamka akaacha kazi na kumfuata Ross Seattle. Wengine waliona hapo mwisho mwema wa mapenzi. Wengine waliona mwanamke aliyekaribia kufa katika sehemu ya kwanza akirudi palepale. Zote mbili ni tafsiri halali, na darasa la fasihi linaweza kukesha juu yake.

Ross alionekana tena mara moja tu baada ya hapo, tarehe 12 Machi 2009, wiki chache kabla ya ER kumalizika ikiwa na sehemu 331. Amekomaa, mvi zimeingia, anafanya kazi katika hospitali ya Seattle, na Carol yuko naye, akishughulika na upandikizaji wa viungo. Mwanamke mmoja ana mjukuu aliyekufa ubongo kutokana na ajali. Ross anaketi naye. Hamsukumi. Anazungumza kwa upole ule ule wa zamani, haiba ile ile, lakini safari hii anasubiri mpaka bibi mwenyewe atamke ridhaa ya kutoa viungo vya mjukuu wake.

Figo moja inapelekwa Chicago. Mgonjwa anayeipokea ni John Carter, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari siku ile Ross alipofika kazini akiyumba, na ambaye baadaye alifanya kazi Kisangani, nchini Kongo. Usiku Carol anamwarifu Ross kwamba figo ilikwenda kwa daktari fulani. Ross hajui ni nani.